Namba ya Behewa Si Cheti cha Kuzaliwa

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu saa tatu usiku. Binamu yetu anayeishi Hamburg alikuwa amesimama juu ya daraja la waenda kwa miguu, treni ya mizigo imesimama chini yake, akaipiga picha na kuandika neno moja tu: "Chuma." Behewa lililokuwa karibu lilikuwa limechoka, kutu imelila pembeni, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe: 31 80 5370 246-6.

Dakika mbili hazikupita, shemeji yangu akajibu. "Mnaona hiyo 80? Limetengenezwa mwaka 1980 hilo, na Wajerumani bado wanalitumia. Halafu sisi huku tunapigiana kelele za mitumba!" Mjomba akaja na lake: mwaka ni hiyo 31, yaani 1931, na 80 ni tani linazobeba. Shangazi yeye akauliza kwa nini behewa moja lipewe namba ndefu kuliko ya simu.

Nilicheka, kisha nikaona sina haki ya kucheka. Tangu mabehewa ya abiria yaliyowahi kutumika Ulaya yalipozua mjadala wa SGR Tanzania, kila mwenye simu amekuwa mkaguzi. Watu wanavuta picha, wanakuza namba, wanatoa hukumu. Na swali wanalouliza ni la haki kabisa: behewa likishapigwa rangi mpya, utajuaje limezaliwa lini na limepita wapi? Tatizo ni kwamba wanaiuliza namba ya ubavuni, na namba hiyo haikuwekwa pale kujibu swali hilo.

Kwanza tuelewane maneno. Behewa ninalolizungumzia hapa ni la mizigo, ingawa ya abiria nayo yana namba za mtindo huohuo. Namba ya kimataifa ya behewa ni tarakimu 12 zilizopangwa kwa utaratibu wa UIC, Umoja wa Kimataifa wa Reli, ulioanzishwa Paris mwaka 1922. Neno la tatu ni mtunzaji wa behewa. Huyu si lazima awe mwenye mali. Fikiria daladala: kadi ya gari inaweza kuwa na jina la taasisi iliyotoa mkopo, lakini likigonga mtu unayemtafuta ni yule anayeliingiza barabarani kila siku na kula faida yake. Mtunzaji wa behewa ni mtu wa namna hiyo.

Sasa tuifungue namba ya binamu, kipande kwa kipande.

Mbili za mwanzo, 31, zinaeleza behewa linaruhusiwa kwenda wapi na linatembeaje. Hiyo 3 inasema linapita mipaka ya nchi chini ya masharti ya pamoja, na kwamba magurudumu yake yamefungwa kwenye bogi, yale magari madogo mawili yanayojipinda chini ya behewa kwenye kona. Lingekuwa na ekseli mbili tu zisizo na bogi, namba ingeanza na 2. Hiyo 1 inayofuata inasema upana wa magurudumu haubadilishiki. Hili si jambo dogo: reli za sehemu kubwa ya Ulaya zina upana wa milimita 1,435, za Urusi na majirani zake 1,520, na yapo mabehewa yaliyotengenezwa yaweze kuvaa upana zaidi ya mmoja.

Mbili zinazofuata, 80, ni nchi ambako behewa limesajiliwa. Ujerumani ni 80. Austria ni 81, Italia 83, Uswisi 85, Ufaransa 87, Poland 51. Shemeji angeonyeshwa behewa la Uswidi angesema ni la mwaka 1974, maana Uswidi ni 74. La Misri lingekuwa la 1990, la Moroko la 1993. La Urusi, ambayo ni 20, sijui angelipa mwaka gani.

Nne za katikati, 5370, ni aina ya behewa. Ya kwanza yao ndiyo inayosema mengi. Ikiwa 5, ni behewa la wazi lenye kuta ndefu, lile la kubebea vyuma chakavu, makaa ya mawe, kokoto au magogo. Ikiwa 1, ni behewa la kawaida lililofunikwa. Ikiwa 7, ni tangi. Ikiwa 8, ni la ubaridi. Tatu zinazobaki zinaingia kwenye undani ambao karani wa yadi anauhitaji, kama urefu na uwezo wa kubeba, na msomaji wa kawaida anaweza kuziacha.

Kisha 246. Hiyo ni zamu tu, kama namba ya foleni benki: behewa hili ni nambari 246 miongoni mwa wenzake wa aina hiyo waliosajiliwa nchi hiyo. Kwa hiyo ndani ya namba nzima, tarakimu zinazolitambulisha behewa lenyewe, na si kundi lake, ni tatu tu.

Ile 6 ya mwisho baada ya kistari ni ya kuhakiki, na unayo nyingine kama hiyo mfukoni mwako. Bonyeza *#06# kwenye simu, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Ya mwisho hupatikana kwa hesabu ileile inayotumika kwenye mabehewa na kwenye kadi za benki. Unachukua tarakimu 11 za mwanzo, unazidisha ya kwanza kwa mbili, ya pili kwa moja, ya tatu kwa mbili, hivyo hivyo hadi mwisho. Jibu likiwa na tarakimu mbili unazijumlisha ziwe moja. Kwa behewa letu unapata 6, 1, 7, 0, 1, 3, 5, 0, 4, 4 na 3. Jumla ni 34. Ili kufika 40 unahitaji 6. Ndiyo hiyo 6.

Kazi yake ni kumkamata karani aliyechoka. Usiku wa manane, mvua inanyesha, tochi inafifia, mtu anaandika 264 badala ya 246. Hesabu inakataa papo hapo, na behewa la vyuma chakavu halipelekwi Italia kwa makosa. Lakini tarakimu ya kuhakiki haithibitishi kwamba behewa ni zima, wala kwamba ni halisi. Inathibitisha tu kwamba namba imeandikwa sawasawa. Wenye kumbukumbu ya mwaka 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Tanzania, wanajua tofauti hiyo vizuri: fundi anaweza kuingiza IMEI inayopita hesabu kwenye simu ya ovyo.

Namba za mabehewa zilianza kwa ajili ya madai ya fedha. Uingereza, mwaka 1842, kampuni za reli zilianzisha ofisi ya pamoja ya kufanyiana mahesabu. Behewa la kampuni moja likiingia kwenye reli ya nyingine, lazima mtu alipe. Kwa hiyo waliajiriwa makarani wa kusimama kwenye makutano ya reli, daftari mkononi, kazi yao kuandika namba za mabehewa yaliyopita. Karani haikumhusu behewa lilitengenezwa lini. Alitaka kujua ni la nani, limekaa huku siku ngapi, na nani anadaiwa.

Bara la Ulaya lilikuwa na shida kubwa zaidi kwa sababu kampuni zilitenganishwa na mipaka ya nchi. Mwaka 1882 wajumbe wa Ujerumani, Ufaransa, Italia, Austria-Hungaria na Uswisi walikutana Bern kukubaliana mambo ya msingi: upana wa reli na vipimo ambavyo behewa lazima liwe navyo ili lipokelewe na jirani. Kutokana na mapatano hayo kuna kitu kinaitwa nafasi ya Bern, uwazi unaoachwa kati ya mabehewa mawili ili mtu anayeyaunganisha asipondwe katikati. Hadi leo, fundi anayeingia kati ya mabehewa kuyafunga anasimama ndani ya mapatano ya karne ya 19.

Namba zenyewe lakini ziliendelea kuwa za kienyeji kila mahali. Ujerumani walikuwa na mtindo ambao mimi naupenda kuliko yote: aina ya behewa ilipewa jina la mji. Behewa lililofunikwa liliandikwa "Kassel" au "München", la wazi la makaa "Essen", la nguzo za pembeni "Stuttgart", halafu namba. Behewa la "Essen" lingeweza kuishi maisha yake yote bila kuona Essen. Mjerumani alielewa, karani wa mpakani Ufaransa alikuna kichwa.

Vita Kuu ya Pili ikavuruga kila kitu. Majeshi yaliyachukua mabehewa popote yalipoyakuta, na vita ilipokwisha kila nchi ilijikuta na mabehewa ya wenzake, huku yake yakiwa kwingine. Mengi hayakurudi kamwe. Yalipigwa rangi na namba mpya pale pale yalipokwama. Ndiyo maana mtu anayefuatilia historia ya behewa la miaka ya 1930 huweza kulikuta na utambulisho wa nchi tatu tofauti bila hata mara moja kuuzwa.

Kutoka kwenye vurugu hiyo lilizaliwa wazo zuri. Zamani, behewa la Ufaransa likishapakua mzigo Ujerumani lilitakiwa lirudi kwao, na mara nyingi lilirudi tupu. Mwaka 1951 reli za Ujerumani Magharibi na Ufaransa zikaanza kutumia mabehewa kwa pamoja, na mwaka 1953 nchi nyingine za magharibi zikaingia. Kundi hilo likaitwa EUROP. Muuza duka yeyote wa kwetu analielewa, maana ndivyo kreti za soda zinavyofanya kazi. Ukirudisha chupa tupu hakuna anayeuliza kama ni zilezile ulizochukua Jumatatu, zinahesabiwa, basi. Behewa la EUROP likifika kwako unalipakia na kulipeleka popote ndani ya kundi. Upande wa mashariki, nchi za kijamaa nazo zikaunda kundi lao miaka ya 1960.

Lakini kreti zikichanganyika, lazima kuwe na namna moja ya kuzihesabu. Na hapa ndipo zilipoingia tarakimu 12, katikati ya miaka ya 1960. Reli zilikuwa zinaanza kutumia mashine za kuchakata taarifa, na mashine haijui "Kassel" ni nini. Tena Mbulgaria anaandika kwa Kisirili na Mgiriki kwa Kigiriki, lakini 5 ni 5 kwa wote. UIC, ule umoja wa Paris, ulikubaliana na shirika la reli la nchi za kijamaa lililoanzishwa mwaka 1956, makao yake Warsaw, wakagawana misimbo kutoka orodha moja. Ndiyo maana Korea Kaskazini ina 30, Mongolia 31, Vietnam 32 na China 33, kwenye mfululizo uleule wenye Ufaransa na Uswisi. Wanasiasa wa Vita Baridi hawakuwa wanasalimiana, lakini makarani wa reli walikuwa wanasoma daftari moja.

Ukipata picha ya behewa la Ulaya la mwaka 1960 na nyingine ya 1970, usitarajie namba zifanane. Hilo lilikuwa zoezi kubwa la kwanza la kubadili namba, na halikuwa la mwisho.

Kuna mabadiliko yanayoletwa na siasa. Ujerumani mbili zilikuwa na misimbo miwili: Magharibi 80, Mashariki 50. Tuseme behewa la binamu lilianzia Mashariki. Lingeandikwa 31 50 5370 246-2. Reli za pande mbili zilipounganishwa kuwa shirika moja Januari 1994, mabehewa ya 50 yalianza kuhamia 80. Angalia kilichotokea: 50 imekuwa 80, na tarakimu ya mwisho nayo imelazimika kugeuka kutoka 2 kuwa 6, maana hesabu imebadilika. Na kama upande wa Magharibi tayari kulikuwa na behewa lenye 246 ya aina hiyo, letu lingepewa zamu nyingine kabisa. Kiwanda hakikugusa hata msumari mmoja, lakini kwenye karatasi limekuwa behewa jipya. Chekoslovakia ilipogawanyika mwaka 1993 ikawa kinyume chake: Wacheki wakabaki na 54, Waslovakia wakachukua 56. Yugoslavia ilikuwa 72. Leo hiyo ni ya Serbia, Kroatia ina 78 na Slovenia 79.

Mengine yanaletwa na biashara. Mabehewa ya kundi la EUROP yalianza na 0 au 1 badala ya 2 au 3; yakitoka kundini, tarakimu ya kwanza inabadilika. Mengine yanaletwa na karakana: behewa la wazi likiwekewa paa si tena la wazi, kwa hiyo zile nne za katikati zinabadilika, na kwa kuwa zamu inahesabiwa ndani ya aina, zamu nayo inabadilika. Hapo namba nzima imeondoka.

Badiliko la karibuni lilianza mwaka 2006, na ndilo linalowachanganya hata wapenzi wa reli wa siku nyingi. Kwa miaka zaidi ya 80 mabehewa ya Ulaya yalivuka mipaka chini ya mkataba ulioitwa kwa kifupi RIV, jina la Kiitaliano, na utaona herufi hizo zimeandikwa ndani ya kisanduku kwenye mabehewa mengi. Tarehe 1 Julai 2006 mkataba huo ukapisha mwingine unaowafunga watunzaji wa mabehewa na kampuni zinazoyavuta. Sababu yake ni rahisi. Misimbo ilipotungwa, nchi na shirika la reli vilikuwa kitu kimoja: 80 ilikuwa Ujerumani Magharibi na ilikuwa pia shirika lake. Soko lilipofunguliwa, Ujerumani pekee ikawa na kampuni lukuki, na misimbo ya tarakimu mbili haiwezi kupita mia. Kwa hiyo 80 ikaachwa iwe nchi tu, na jina la mtunzaji likaandikwa kwa herufi pembeni yake: D-DB ni Deutsche Bahn, PL-PKPC ni kampuni ya mizigo ya Poland.

Matokeo yake ni kwamba siku hizi behewa linaweza kuuzwa na namba isiguswe. Zinafutwa herufi, zinaandikwa nyingine. Wanaodhani 80 maana yake ni mali ya Wajerumani wanakosea kama wale wanaodhani ni mwaka.

Sasa, mtu anayetaka kweli kujua behewa limetoka wapi afanye nini? Afanye kile tunachofanya kwa magari ya Japan. Gari likishuka bandarini Dar es Salaam linavua namba za Japan, linavaa za kuanzia na T. Likiuzwa Zambia litavaa nyingine. Fundi mwenye akili haangalii namba za mbele. Anafungua boneti kutafuta chesisi. Behewa nalo lina chesisi yake: kibati cha kiwanda kilichofungwa kwenye boriti ya fremu, chenye jina la kiwanda, mwaka na namba ya utengenezaji. Rangi ikibadilishwa mara kumi, kibati kinabaki, labda mtu aking'oe makusudi. Karibu na hapo pia huwa pameandikwa REV na tarehe, ambayo ni ukaguzi mkubwa wa mwisho. Watu huiona tarehe hiyo wakadhani ndiyo ya kuzaliwa. Behewa la miaka 40 linaweza kuwa na REV ya mwaka jana, na linatakiwa liwe nayo.

Mwenye kibati anaweza kwenda kwenye rejesta, picha za zamani na daftari za kiwanda, akaunganisha namba ya leo na ya juzi. Asiye na kibati anabahatisha. Kuna watu Ulaya wanaofanya kazi hii kama mchezo, Jumamosi nzima kando ya yadi kubwa kama ile ya Maschen, kusini mwa Hamburg, na madaftari yao. Wengi huwaona wamechanganyikiwa. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowaona hivyo, hadi niliposoma habari za Viareggio.

Usiku wa tarehe 29 Juni 2009, treni ya mabehewa 14 ya matangi yaliyojaa gesi ya kupikia ilikuwa inapita kwenye stesheni ya Viareggio, Italia. Ekseli ya behewa la kwanza ikakatika. Behewa likatoka relini, tangi likatoboka, gesi ikatambaa hadi kwenye nyumba zilizopakana na reli, watu wengine wako kitandani. Ikawaka. Walikufa zaidi ya watu 30.

Namba ya behewa lile ilikuwa 33 80 7818 210-6. Wewe sasa unaweza kuisoma: linapita mipaka, lina bogi, limesajiliwa Ujerumani, ni tangi. Hesabu ya kuhakiki inatoa jumla ya 44, inayobaki kufika 50 ni 6. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Lakini behewa lilimilikiwa na kampuni ya kukodisha iliyoko Austria, lilibeba gesi ndani ya Italia, na jozi ya magurudumu iliyovunjika ilikuwa imekaguliwa kwenye karakana ya Ujerumani na kufungwa kwenye behewa hilo Italia. Ekseli ilitengenezwa miaka ya 1970. Ilikuwa na ufa wa uchovu wa chuma, ule unaokua kidogo kidogo kwa miaka.

Ekseli zina maisha yake. Zinafunguliwa, zinapelekwa karakana, zinafungwa kwenye behewa jingine. Behewa linaweza kuwa changa na miguu yake ikawa mizee. Ni kama gari uliloambiwa ni la 2015, bodi inang'aa, halafu injini ni ya kuunga. Wachunguzi wa Viareggio walilazimika kufuata historia mbili, ya behewa na ya ekseli, na hizo hazikuwa zimeandikwa kwenye daftari moja.

Baada ya hapo sekta ya reli Ulaya ilianza utaratibu wa kuipa kila jozi ya magurudumu kumbukumbu yake: imetengenezwa na nani, kwa chuma gani, imekaguliwa lini na wapi. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukatoa kanuni kwamba kila behewa la mizigo lazima liwe na mhusika mmoja anayejulikana na mwenye cheti anayewajibika kwa matengenezo yake. Kabla ya hapo, swali "nani alitakiwa kulikagua hili?" lilikuwa linaweza kuzunguka kutoka ofisi hadi ofisi kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja.

Sisi huku Afrika Mashariki hatuko mbali na habari hii kama inavyodhaniwa. Kuanzia 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la reli, na behewa lake lilikuwa nyumbani Mombasa, nyumbani Kampala, nyumbani Tabora. Ziwa Viktoria lenyewe halikulizuia: meli kama Umoja na Uhuru zina reli sitahani, behewa linaingia na mzigo wake na kushuka upande wa pili. Ilikuwa EUROP yetu, na kwa kuwa mwenye mali alikuwa mmoja, hakukuwa na karani wa kudai kodi ya behewa mpakani. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, mali zilizokuwa zinazunguka zikageuka hoja: hii ya nani? Mgawanyo wa mali za Jumuiya ya Afrika Mashariki, chini ya msuluhishi Mswisi Victor Umbricht, haukusainiwa hadi 1984.

Siku hizi tuna reli za aina tatu zisizoingiliana. Ya zamani ina upana wa mita moja, ya TAZARA milimita 1,067, na SGR za Kenya na Tanzania zina 1,435, sawa na za Ujerumani. Kidatu, mzigo unaotoka reli ya kati kwenda TAZARA hushushwa na kupakiwa upya. Naivasha, kontena la kwenda Uganda hushuka kwenye SGR na kupanda kwenye reli ya zamani. Maadamu mzigo unahama na behewa linabaki kwao, hakuna anayehitaji kujua msimbo wa jirani. Siku SGR itakapovuka mpaka kweli, behewa la nchi moja likalale kwenye yadi ya nyingine, wale makarani wa 1842 watatakiwa na sisi, kwa kompyuta safari hii.

Yote haya sikuyaandika kwenye kundi la ukoo, wangenitoa. Nilimwambia tu shemeji kwamba 80 ni Ujerumani, akajibu, "Sawa, lakini ni la mwaka gani?" Nikamwomba binamu arudi pale darajani kesho yake, ashuke hadi uzioni, asipige picha ya ubavu bali ya kile kibati kwenye boriti ya chini.

"Kesho?" akaandika. "Kesho litakuwa Poland hilo."